Hita ya Gari la Parokia



Wapendwa waamini, juma hili tafakari yetu inaanzia chini ya boneti. Wengi wenu mmepanda gari la parokia na mnalijua: Land Cruiser ya dizeli, ya miaka ya 1990, hodari katika matope. Lakini tangu lilipopandishwa kutoka Dar es Salaam, ambako lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika, hita yake imekuwa ikipuliza upepo usio moto wala baridi. Mhubiri mwenye haraka angekimbilia Laodikia. Sisi tutakaa na gari kwanza.

Ilisemwa katika halmashauri ya walei, na kwa nia njema, kwamba hita ni anasa, fedha ielekezwe kwenye matairi. Hatukuafiki. Mwezi Juni na Julai huku Makete umande huganda juu ya nyasi zikawa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na vigango vya upande wa Kitulo viko jirani na uwanda unaozidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Tena, ni nani anayepanda gari hilo usiku? Si padre anayekwenda kunywa chai. Ni mzee mwenye kifua, au mama aliyejifungua.

Julai iliyopita tulimpeleka Hospitali ya Ikonda kichanga cha siku tatu. Mtoto wa umri huo hana mafuta ya kutosha mwilini, wala hawezi kutetemeka kama sisi ili ajipatie joto. Akianza kupoa, huendelea kupoa akiwa kimya. Bibi yake, bila kufundishwa na mtu, alimtaka mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunika wote wawili kwa blanketi. Katekista alifuta ukungu kwenye kioo cha mbele kila kona, kwa maana hita dhaifu huwanyima abiria joto na humnyima dereva macho. Tulipofika, jambo la kwanza walilofanya wauguzi, kabla ya maswali, lilikuwa kumpasha mtoto joto.

Basi tukamwomba fundi atafute chanzo badala ya kutuuzia hita nyingine. Hapa yafaa kueleza, maana wengi hudhani hita ya gari ina moto wake. Haina. Maji yaliyopozea injini hupita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake. Joto lote ni la kuazima. Injini isipokuwa nalo, au njia ikizibwa, feni itavuma bure.

Fundi alianza injini ikiwa ya baridi, akafungua kifuniko cha rejeta kutazama kiwango cha maji. (Injini ikiwa moto kifuniko hicho kisiguswe kabisa, maji yale huruka na kuunguza uso.) Yalikuwa yamejaa, ila yenye rangi ya kutu. Tukaendesha kilomita 20. Kisha akazima injini na kugusa, kwa kitambaa na kwa tahadhari, mabomba mawili ya mpira yanayoingia kwenye hita. Yote mawili yangekuwa ya moto, maji yangekuwa yanapita vema, na kosa lingetafutwa kwenye feni au mlango wa hewa. Moja likiwa la moto na jingine baridi, rejeta ndogo imeziba au koki yake haifunguki. Yetu yalikuwa vuguvugu yote mawili, na sindano ya geji ilikuwa haijasogea sana kutoka kwenye baridi. Injini yenyewe haikuwa imepata joto.

Akafungua mahali inapokaa thamostati, akacheka. Palikuwa patupu. Thamostati ni kifaa kidogo chenye nta ndani yake: nta ikipata joto la nyuzi 80 hivi hutanuka na kufungua njia ya rejeta kubwa, kabla ya hapo huyazuia maji injini ipate moto. Huko pwani mafundi wengi huing'oa, wakiamini kwamba bila hiyo gari halitachemka. Na kwa kweli kwenye joto la Dar es Salaam mwenye gari haoni upungufu wowote, isipokuwa labda dizeli inayokwisha upesi. Upungufu huonekana gari linapopanda milimani.

Tulisimama pale tukiwafikiria vijana wetu walioko mijini. Wengi hawakuiacha imani. Waliacha tu jumuiya ndogo ndogo, kwa kuwa mshahara upo na marafiki wapo, na hawakuona kilichopungua. Kisha unakuja msiba, au kazi inakwisha, na mtu anajikuta hana hata jirani mmoja wa kumwongoza rozari. Mhubiri, katika sura ya 4, aliliona jambo hilo zamani: mtu aliyelala peke yake hapati joto.

Thamostati mpya imefungwa; bei yake haikufikia nusu ya tairi moja. Maji ya kutu yamemwagwa, mfumo umesafishwa na kutiwa kulanti isiyoganda kwa baridi yetu. Kwa wenye magari: hita ikipoa ghafla huku geji ikipanda, simameni mara moja, maji yamepungua. Ukungu wenye harufu tamu ndani ya gari ni dalili kwamba rejeta ndogo inavuja. Na kwa ajili ya Mungu, msiweke jiko la mkaa ndani ya gari wala chumbani palipofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Blanketi mbili zitabaki nyuma ya kiti cha dereva; tunaomba zisihamishwe. Mwenye mgonjwa usiku agonge mlango wa nyumba ya mapadre upande wa jikoni, kwa kuwa kengele ya mbele haisikiki.