Arusi ya Jumatatu ya Pasaka

Katika nchi ya Kenya sikukuu kubwa za Wakristo kurudi makwao ni mbili, Krismasi na Pasaka. Krismasi ina nguo mpya na safari nyingi. Pasaka huja kwa utulivu zaidi, maana hutanguliwa na siku arobaini za Kwaresima, na aghalabu hukuta mvua za masika zimekwisha anza na majembe yako shambani. Hata hivyo, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko kwa sheria. Karani hupata siku nne mfululizo za kuiweka kalamu chini, na mkulima huwaona watoto wake wote nyumbani. Ndiyo sababu watu wengi wanaofikiri juu ya arusi huitazama Jumatatu hiyo. Habari hii ni ya nyumba moja katika milima ya Nyeri, mwaka 2025, nayo yafaa ifikiriwe na kila mzazi mwenye kijana wa kuoa au binti wa kuolewa.

Kijana wa nyumba hiyo ni karani mjini Nairobi, mwenye umri wa miaka 29. Mchumba wake, binti wa Murang'a, hufundisha watoto wadogo. Mambo ya mahari yalikuwa yamezungumzwa na wazee wa pande mbili mwezi wa Desemba 2024, kwa heshima na bila ugomvi. Iliyobaki ilikuwa arusi yenyewe, na hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Karani alikuwa amehudhuria arusi nyingi za wenzake wa ofisini, na kila moja ilikuwa imejitahidi kuipita ile iliyotangulia. Basi alitaka yake ifanywe Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, katika bustani ya kukodi, na iwe na motokaa sita za namna moja, viti 500 vilivyofunikwa vitambaa, keki ya ngazi tano, na wapiga picha wawili. Aliandika hesabu yake vizuri, kama ilivyo kazi yake, ikafika sh. 620,000. Akiba yake ilikuwa sh. 180,000. Kamati ya arusi iliyokutana mwezi wa Januari iliahidi sh. 150,000. Zilizobaki, sh. 290,000, alikusudia kuzikopa katika chama chao cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia moja kila mwezi juu ya deni lililosalia. Maana yake ni kwamba angekatwa zaidi ya sh. 9,600 kila mwisho wa mwezi, kwa muda wa miaka mitatu.

Baba yake, mkulima wa chai kidogo na mahindi, hakuipenda bustani ya kukodi hata kidogo. Lakini msomaji asidhani kwamba mzee alitaka arusi ndogo. La, yeye alitaka kubwa kuliko ya mwanawe, ila ya namna nyingine. "Kwa miaka arobaini nimekula katika arusi za watu wa mtaa huu," alisema. "Hakuna nyumba ambayo sikuketi nikanywa na kula. Leo mimi nimwoze mwanangu katika bustani ya mjini, mlangoni asimame mtu mwenye orodha ya majina? Nitapita njia gani nikienda sokoni?" Mzee alitaka ng'ombe watatu wachinjwe nyumbani kwake na kila mtu ale ashibe. Ili aweze kufanya hivyo, alikuwa tayari kuuza mtamba wake mmoja na kuacha kununua mbolea ya msimu ule. Karo ya binti yake wa kidato cha tatu, alisema, Mungu angeijua.

Hivyo baba na mwana walitofautiana, na kila mmoja alikuwa na heshima yake ya kulinda. Kijana aliogopa kuchekwa na wenzake, mzee naye aliogopa kuitwa mlaji asiyelisha. Kwa majuma mawili hawakusemezana isipokuwa juu ya hali ya mvua.

Aliyeleta neno la kwanza la busara alikuwa bibi arusi mwenyewe. Mwishoni mwa Januari alimwomba mchumba wake daftari ya kamati, akaisoma. Kati ya sh. 150,000 zilizoahidiwa, zilizokuwa zimelipwa ni sh. 40,000 tu. "Hizi nyingine ni maneno," alisema. "Zisipokuja, mkopo wako si 290,000 tena, ni 400,000. Na sisi tutakula nini siku ya kumi baada ya arusi?" Karani hakuwa na jibu. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye daftari alikuwa nayo, ila hakutaka kuamini ilivyokuwa ikimwambia.

Neno la pili lilitoka kwa mama wa kijana, jioni moja ya Februari, walipokuwa wote wameketi jikoni. Alisema hivi: "Baba watoto, siku ya Jumatatu ya Pasaka kila nyumba ya mtaa huu hupika, na watoto wa kila nyumba wako hapa. Kanisa limekwisha pambwa. Kwa nini sisi tupike chakula cha watu mia tatu, na watu hao hao wamekipika chakula chao nyumbani? Na waje nacho, tule pamoja."

Mzee alikasirika. "Mgeni aje na sufuria yake katika arusi ya mwanangu?"

Mama akamjibu pole pole, "Siku ya matanga huja na sufuria, nawe huwashukuru. Mbona uwakatalie siku ya furaha?"

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba nyama, walau, itatoka nyumbani kwake. Wakapatana. Ng'ombe atakuwa mmoja, tena wa kununuliwa, na mtamba asiguswe.

Hapa yafaa kueleza mambo mawili kwa faida ya wale wanaotaka kufuata mfano huu. La kwanza ni kwamba Pasaka haina tarehe moja. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, kwa hesabu ya Kanisa. Kwa makanisa mengi ya Kenya haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 20 Aprili, ambayo ni karibu na mwisho wa hesabu hiyo. Tofauti hii si ndogo kwa mkulima. Pasaka ikija mapema humkuta akipanda, naye hana fedha wala nafasi. Ikichelewa, mahindi huwa yamekwisha ota, na kazi iliyobaki ni palizi, ambayo yaweza kungoja siku mbili. Kwa hiyo kalenda na itazamwe kabla ya kutaja siku mbele ya wazee.

La pili, makanisa mengi ya zamani hayapendi arusi za shangwe katika Kwaresima, na Ijumaa Kuu si siku ya arusi kamwe. Kwa hiyo atakaye Jumatatu ya Pasaka huna budi kumwona kasisi wake mapema, maana wanaoitaka siku hiyo ni wengi. Katika kanisa lao matangazo yalisomwa Jumapili tatu za mwezi wa Machi. Tena, tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kila ndoa nchini Kenya, iwe ya kanisa, ya serikali, ya Kiislamu, ya Kihindu au ya mila, yapasa kuandikishwa, wala hakuna ruhusa ya kuoa au kuolewa chini ya umri wa miaka 18. Vitambulisho na karatasi nyingine zilitengenezwa kabla ya Kwaresima kwisha, na jambo hilo liliondoa mahangaiko mengi.

Matayarisho yenyewe yalikuwa hivi. Dada wa bwana arusi, yule wa kidato cha tatu, alipewa daftari mpya. Akaandika kila nyumba italeta nini: nyumba za juu mukimo, nyumba za chini chapati, zile za ng'ambo ya mto githeri na mboga. Pilau na nyama vilikuwa vya wenyeji. Hapakukodiwa viti, mabenchi yaliazimwa kanisani kwa ahadi ya kurudishwa kabla ya jua kuchwa. Mapambo ya kanisa yalikuwa yale yale ya Jumapili ya Pasaka, yaani maua meupe yaliyokatwa kando ya vijito na matawi mabichi, ila akina mama walibadilisha maji usiku na kuongeza maua mapya ya waridi kutoka bustani zao.

Mezani bibi arusi aliweka mayai ya Pasaka. Zamani katika nchi nyingi za Wakristo mayai hayakuliwa wakati wa Kwaresima. Kuku, lakini, hawajui mfungo, wakaendelea kutaga; ikawa Pasaka ikifika mayai ni tele, na watu wakazoea kuyapaka rangi na kuwagawia watoto. Binti huyu hakununua rangi. Alikusanya maganda makavu ya vitunguu, akayachemsha pamoja na mayai na siki kidogo, nayo yakatoka yenye rangi nyekundu ya udongo, ya kupendeza macho. Kila mtoto aliyekuja alipata yai moja, na hakuna zawadi iliyosifiwa zaidi siku ile. Keki ilikuwa ya ngazi moja, nayo iliokwa na shangazi katika sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko.

Siku ilipofika, ibada ilianza saa nne asubuhi. Watu walikuwa wamejaa, maana waliokuja kwa ajili ya Pasaka hawakuwa wameondoka, na waliokuja kwa ajili ya arusi waliwakuta hapo. Kasisi alihubiri kwa dakika chache, akisema kwamba ndoa nayo ni ufufuo wa kila siku, kwani watu wawili hukosana jioni na kuamka asubuhi wakaanza tena. Wazee walicheka, wakatazamana na wake zao.

Saa nane mchana mvua ilinyesha kwa nguvu. Motokaa ndogo iliyoleta jamaa wa Murang'a ilinasa katika matope chini ya kilima, na vijana wenye suti walivua viatu wakaisukuma. Mahema mawili yaliyokodiwa hayakutosha watu mia tatu. Wengine waliingia jikoni, wengine katika zizi la mbuzi lililofagiliwa, na wengi katika nyumba za majirani, ambako waliendelea kula, kwa kuwa chakula kilikuwa kila mahali. Kama chakula chote kingalikuwa katika bustani moja chini ya hema moja, siku ingaliharibika kabisa.

Si haki kuficha yaliyopungua. Katika wenzake wa ofisini, wengi hawakuja, maana nao walikuwa makwao kwa sikukuu. Mmoja aliyekuja alizitazama sufuria zikiwasili vichwani na migongoni mwa akina mama, akatabasamu kwa namna ambayo bwana arusi hakuipenda. Uso wake uliwaka kwa aibu. Picha pia zilikuwa chache, na nyingi zina mvua. Lakini kamati ilipokutana mara ya mwisho, dada yake alisimama akasoma hesabu mbele ya watu wote: ng'ombe sh. 65,000, mchele, unga, mafuta na sukari sh. 28,000; nguo za maarusi sh. 21,000, pete mbili sh. 14,000, mahema sh. 12,000, usafiri wa jamaa sh. 15,000, mpiga picha sh. 10,000. Jumla sh. 165,000. Kwa akiba ya sh. 180,000 na mchango wa sh. 40,000, zilibaki sh. 55,000. Mkopo haukuombwa. Katika fedha hizo karo ya muhula wa pili ililipwa, mbolea ya kukuzia mahindi ikanunuliwa, na zilizosalia wakapewa maarusi za kuanzia nyumba. Mwenzake yule aliyetabasamu ndiye aliyeomba daftari ile ainakili, kwani naye alikuwa na mchumba.

Wanaopanga arusi watazame mambo hayo kwa makini. Sikukuu ambayo watu wameiandaa tayari ni msaada mkubwa kwa mwenye arusi, akikubali kusaidiwa. Gharama nyingi si za ndoa, ni za kuogopa macho ya watu, na macho hayo hayatalipa deni lolote mwisho wa mwezi.

Mzee naye hakusahau deni lake la miaka arobaini. Jioni ile, mvua ilipokatika na mabenchi yalipokwisha rudishwa, sufuria zilikuwa zimepangwa uani, kila moja na uzi wa rangi mkononi ili mwenyewe aitambue. Mkewe alitaka watoto wazipeleke. Mzee alikataa. Alikata nyama iliyobaki vipande vipande, akatia kipande katika kila sufuria, kisha akazichukua mwenyewe, tatu tatu, akipita nyumba moja baada ya nyingine katika matope, taa mkononi. Kila mlango alibisha hodi, akaitoa sufuria kwa mikono miwili, akasema, "Nimekuja kuwashukuru." Alirudi nyumbani karibu saa tano ya usiku, viatu vimejaa udongo, akamwambia mkewe kwamba sasa aweza kwenda sokoni kwa njia yoyote.