Pikipiki ya Korosho

Minada ya korosho huanza Oktoba. Ikifika Desemba, pesa zikishaingia benki, kwetu Nanyamba, kusini mwa Tanzania, hubadilika sura: bati jipya huku, ngoma kule, na pikipiki ambazo viti vyake bado vina nailoni ya dukani. Mara nyingi anayeendesha siye aliyelipa. Aliyelipa ni mzee ambaye tangu Juni alikuwa akiamka alfajiri, upepo haujaanza, kupuliza salfa ili ubwiri unga usiharibu maua ya mikorosho. Saa hiyo mwenye pikipiki alikuwa amelala.

Sina ugomvi na bodaboda, imelisha nyumba nyingi. Nazungumzia ile anayopewa bure kijana wa miaka 25 asiyejua hata shamba la baba yake lina mikorosho mingapi. Masika inapokuja tairi limekwisha, akiba hana, na lawama zote ni za mzee: "Hakunipa mtaji wa kutosha." Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Msimu haujafunguliwa, wanauza korosho za nyumbani kwa watu wa kangomba, wanunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa, wapate hela ya bando na bia. Mzigo ukipelea kwenye mizani ya chama cha msingi, mzee ananyamaza ili kumsitiri mwanawe.

Mimi naishi Ujerumani, nchi ambayo huko nyumbani husemwa kuwa watoto wake hawaguswi. Kwa upande wa viboko ni kweli, sheria imevikataza tangu mwaka 2000. Lakini sheria yao ya familia, kifungu cha 1619, inasema pia kwamba mtoto anayeishi kwa wazazi na kutunzwa nao ana wajibu wa kuwasaidia kazi za nyumbani na za biashara yao, kwa kadiri ya uwezo wake. Akifika miaka 13, wazazi wakiridhia, anaruhusiwa kufanya kazi nyepesi ya malipo kwa saa zisizozidi mbili kwa siku.

Jirani yangu ni daktari wa meno, hana shida ya pesa. Binti yake hugawa magazeti ya matangazo kila Jumamosi. Siku moja ya mvua nilimkuta amefunika mkokoteni wake kwa turubai, yeye mwenyewe amelowa, anahesabu nyumba zilizobaki. Nikamuuliza baba yake kwa nini asimzungushe kwa gari. Akanijibu, "Gari ni langu, kazi ni yake." Binti huyo alipotaka simu mpya, nusu ya bei aliitoa mwenyewe.

Ulaya si peponi, na wadekaji wamejaa. Mwaka 2023, katika mji wa Pavia nchini Italia, mama wa miaka 75 alikwenda mahakamani kuomba wanawe wawili wahame kwake. Mmoja alikuwa na miaka 40, mwingine 42, na wote wana kazi. Mama alishinda. Mchelea mwana kulia hulia yeye, hata akiwa Mtaliano.

Kwetu kudekeza kuna chanzo chake, na chanzo hicho ni upendo. Shangazi yangu nilipomuuliza mbona kijana wake haendi palizi, alinijibu kwenye simu: "Mwacheni tu, baba. Jua lililonipiga mimi linatosha." Ni maneno ya mtu aliyeteseka, anayetaka mateso yaishie kwake. Tatizo ni kwamba pamoja na mateso, anamwondolea mtoto kila kitu ambacho kingemwonyesha kuwa anahitajika. Ukubwa huanza pale mtu anapojua kwamba asipoifanya kazi fulani, kazi hiyo italala.

Wamakonde tulilijua hilo. Jandoni kijana alikaa wiki kadhaa mbali na mama yake, akifundwa adabu, uvumilivu na kazi. Kulikuwa na ukatili usiofaa kurudishwa, na unyago nao uliwaingiza mabinti wadogo katika mambo ya wakubwa kabla ya wakati. Ila msingi wake ulikuwa sahihi: ipo siku utoto unafungwa. Siku hizi tumebakiza sherehe. Mtoto anatolewa kwa ngoma na pilau likizo ya Desemba, anatunzwa noti, na kesho yake anaendelea kutengewa maji ya kuoga.

Sisi tulio nje tunazidisha ugonjwa. Ujumbe wa "kaka, nimekwama" ukiingia, tunatuma. Mwezi ujao tunatuma tena. Huku tunalipa kodi ya nyumba kwa zamu za usiku, na nyumbani tunamlea mtu mzima wa kula kulala, halafu tunashangaa haoi, hajengi, hachoki kuomba.

Dawa yake si fimbo. Tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alionyesha kuwa watoto wanaoachiwa kila wanachotaka hukua na upungufu wa kujitawala na kujitegemea, na kwamba ukali mtupu nao haujengi. Waliofanya vizuri ni wale waliopendwa na kuwekewa mipaka kwa pamoja. Na asitokee wa kusema hayo ni ya Wazungu: Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wake.

Basi msimu huu, mzee wangu, kabla ya pikipiki mkabidhi kijana mikorosho 20. Apalilie, apulizie, aokote, atenge bibo na korosho, aanike, apeleke ghalani kwa jina lake. Ikizaa, pesa ni yake. Ikikauka, hasara ni yake, na usiifidie. Nawe ndugu yangu uliye ughaibuni, ujumbe wa "nimekwama" ukija, muulize kwanza amefanya nini mwezi huu. Kama hana jibu, usitume.