Pikipiki ya Zamani Izimikapo Kenol

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri, akiisha kuipita Thika na mashamba makubwa ya mananasi, hufika Kenol, mahali ambapo barabara hugawanyika. Ya kushoto huelekea Maragua na Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zamani za utawala wa Waingereza. Ya pili huendelea hadi Sagana, Karatina na Marua. Mji huu haukupewa jina la mto wala la mbari. Ulilipata kwa kituo cha mafuta cha Kenya Oil Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1959. Mwaka 2019 kampuni hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa ikiitwa KenolKobil, ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa, lakini watu hawakuona haja ya kuubatiza mji upya.

Mafundi wa pikipiki hawakosekani hapa, maana bodaboda ni nyingi. Kijana aweza kuifungua Boxer na kuifunga tena kabla chai haijapoa. Shida huanza mzee mmoja ajapo akiisukuma Triumph ya mwaka 1968, chombo alichokitunza kama ng'ombe wa maziwa, iliyozimika ghafula barabarani: taa hakuna, honi hakuna, injini kimya.

Ukimya wa injini ni habari kubwa. Katika BSA M20, pikipiki ya jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, magineto hutengeneza cheche yenyewe. Taa zikifa zote, injini huendelea kuunguruma. Lakini Triumph ya 1968 huchukua umeme wa cheche katika betri. Vyote vikifa pamoja, hakuna sababu ya kuvua plagi wala kufungua kabureta. Kasoro iko mahali ambapo umeme wote hupita: vichwa vya betri, waya iendayo kwenye chesisi, fyuzi, au swichi.

Fundi hufunua kiti. Huona waya nyekundu imefungwa kwenye chuma cha chesisi, naye hucheka: “Mzee, aliyefunga betri hii alikosea.” La, hakukosea. Pikipiki za Kiingereza za miaka ile zilifungwa chanya kwenye chesisi, kinyume cha Boxer, na rangi nyekundu ni ya waya hiyo. Kijana akiigeuza betri kwa nia njema, umeme utapita moja kwa moja katika rektifaya. Kama fyuzi haikukatika mara moja, rektifaya itaungua, nayo haiuzwi katika duka lolote la bodaboda. Hapo ndipo mzee humshika mkono.

Kipimo hakina gharama: balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Waya moja huwekwa kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Balbu ikiwaka, betri na waya ya chesisi ni nzima. Kisha waya ya pili husogezwa ng'ambo ya fyuzi, ambayo hukaa upande wa hasi. Giza likiingia hapo, fyuzi imekatika au kishikio chake kimeshika kutu. Balbu ikiwaka bado, swichi itazamwe.

Wako wanaofunga karatasi ya sigara mahali pa fyuzi wakaondoka. Hao husafiri na moto chini ya tangi la petroli. Fyuzi haikatiki bure. Kwa kawaida kuna waya iliyosuguliwa hadi shaba ikagusa chuma, hasa shingoni mwa usukani, mahali ambapo waya hupindwa kila kona, au chini ya tangi ambako mtetemo hauishi.

Basi tangi huinuliwa, na kijana, ambaye sasa hacheki, hufuata waya kwa kidole hadi aone shaba. Hukata kipande cha tyubu ya baiskeli, huizungushia waya, hufunga fyuzi mpya ya kadiri ile ile, kisha huusokota usukani kushoto na kulia taa zikiwaka. Zisipopepesa, mzee anaweza kuiwahi Sagana kabla ya magharibi.