Kompyuta ya nyumbani ikigoma, swali la kwanza lisiwe 'nani?'

Katika nyumba nyingi kompyuta ikigoma kuwaka, kabla mtu hajagusa waya wala kutazama soketi, swali huwa limeshatoka: "Nani kaichezea?" Watoto hutazamana. Mkubwa anasema alikuwa shule, wa kati anasema hajui, mdogo anaangalia chini. Dakika tano baadaye kuna mtoto analia, na kompyuta bado haijawaka.

Swali hilo lina gharama yake, hasa kwa mji kama Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa. Kwa vifaa vingi na mafundi wengi wa kompyuta, watu hutegemea Sumbawanga, mwendo wa kilomita 50 hivi kwa barabara inayopita Matai kuelekea bandari ya Kasanga, Ziwa Tanganyika. Kwenda ni nauli, kurudi ni nauli, na mara nyingi kifaa huachwa kwa fundi siku kadhaa. Anayepanda basi bila kujua tatizo lilianzaje anamwachia fundi abahatishe, na fundi akibahatisha, anayelipa ni mwenye mali.

Kazini 'lini', nyumbani 'nani'

Muuguzi mmoja wa Matai, mama wa watoto watatu, anaijua tofauti ya maswali haya. Kazini kwake mgonjwa akiletwa haulizwi amekosa nini. Anaulizwa: ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, umekula nini, umeshatumia dawa gani. Bila majibu hayo, hata kipimo cha kuanza nacho hakijulikani.

Lakini jioni moja ya Juni, kompyuta mpakato ya familia ilipogoma, aliuliza kama mzazi yeyote aliyechoka: nani? Hakupata jibu.

Kompyuta hiyo ilinunuliwa na marehemu mumewe, ikiwa imeshatumika. Ndani yake kulikuwa na picha zake tangu siku ya harusi hadi Krismasi yake ya mwisho, na video fupi moja ambamo sauti yake inasikika akimfundisha mtoto mdogo kuhesabu. Hazikuwa mahali pengine popote.

Mama aliifunga kompyuta kwenye kanga, akaitia kwenye mkoba na kupanda basi kwenda Sumbawanga. Fundi aliiwasha mara mbili. Nembo ilitokea, vidoti vikazunguka, kisha giza.

"Hii tupige Windows, mama," alisema.

"Na picha zilizomo?"

"Hizo zitaondoka. Tunafuta vyote, tunaanza upya."

Mama aliichukua kompyuta yake, akarudi nayo Matai jinsi ilivyo.

Kilichofungua njia hakikuwa bisibisi. Binti mkubwa, aliye kidato cha tatu, alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba akichambua maharage, akakaa naye. Hakumuuliza nani. Alimuuliza, "Mara ya mwisho ilipokuwa inawaka, kwenye kioo kulikuwa na nini?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Kulikuwa na rangi ya bluu na maandishi, na namba inapanda. Ilifika 35. Halafu umeme ukakatika. Dada, mimi sikuizima. Niliogopa mama atasema ni mimi."

Alikuwa amekaa na jambo hilo siku tatu.

Kwa maelezo hayo tu, sehemu kubwa ya tatizo ilishajulikana. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani, hivyo ilitegemea umeme wa ukutani peke yake. Windows ilikuwa inajisasisha, na umeme ukakatika katikati ya kazi. Ni kama jeraha lililoshonwa nusu na mshonaji akaondoka. Hapakuwa na mkosaji ndani ya nyumba.

Okoa kilichomo kwanza

Hatua iliyofuata ndiyo ambayo familia nyingi huiruka. Kabla ya kujaribu tiba yoyote, walikwenda kwa fundi wa simu pale pale Matai. Akafungua kompyuta, akatoa diski, akaiunganisha kwa waya wa USB kwenye kompyuta yake, na kunakili picha zote kwenye flashi mbili. Diski ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mfumo wa kuiendesha kompyuta, si vitu vilivyohifadhiwa.

Hayo ni mambo mawili tofauti, na ni vyema kila mwenye kompyuta ayatenganishe. Kompyuta kutowaka si lazima iwe na maana kwamba picha, alama za wanafunzi au hesabu za kikundi zimepotea. Kinachozipoteza mara nyingi ni haraka ya kufuta na kuanza upya. Kabla ya kukubali kupigiwa Windows, uliza: "Je, umeshanakili vilivyomo?" Kama hajanakili, asiguse. Na kama diski yenyewe inagonga au kukwaruza kwa sauti, zima mara moja na usiiwashe tena mpaka ufike kwa fundi anayeweza kuokoa vilivyomo, kwa sababu kila dakika inapozunguka inaweza kuharibu zaidi.

Baada ya picha kuwa salama, diski ilirudishwa na kompyuta ikawashwa. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo huchaguliwa neno Troubleshoot, kisha Advanced options. Kuna Startup Repair inayojaribu kurekebisha uwashaji, na Uninstall Updates inayoondoa sasisho la mwisho. Hiyo ya pili ndiyo iliyoiinua kompyuta ya muuguzi. Hata kama isingeinuka, familia ingepoteza programu tu.

Maswali ya kuuliza badala ya 'nani'

Ilianza lini? Nini kilionekana kwenye kioo mara ya mwisho? Umeme ulikuwaje? Kuna kitu kipya kilichochomekwa au kuwekwa? Imeanguka au kumwagikiwa? Maswali haya yanatosha kuanzia. Kama kuna maandishi ya Kiingereza yasiyoeleweka, usiyafunge kwa hasira. Yapige picha kwa simu. Picha hiyo humsaidia fundi kuliko maelezo marefu.

Ukishapata majibu, anza na vyepesi. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile kuona kama ina umeme. Jaribu soketi nyingine bila ekstensheni. Kwa kompyuta mpakato isiyoonyesha uhai, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja na uwashe. Kama taa zinawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi. Mwanga wa kioo ndio ulioharibika.

Kompyuta ya mezani inayolia mlio wa kujirudia bila kuonyesha chochote mara nyingi inalalamikia kumbukumbu, yaani RAM. Zima, chomoa waya wa ukutani, fungua, toa kipande cha RAM, futa taratibu sehemu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, kisha kirudishe mpaka kishike vizuri. Lakini sanduku la chuma linalopokea umeme kutoka ukutani usilifungue kamwe. Ndani yake kunaweza kubaki umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Kuna pia kompyuta inayorudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila ikizimwa. Wengi hulipuuza hilo, hadi kijana anapotaka kuomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao na kila ukurasa unakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Tatizo si bando. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, mara nyingi yenye maandishi CR2032, inayotunza saa. Imekwisha. Irekebishe tarehe kwa mkono ili kazi ya siku hiyo iende, kisha badilisha betri hiyo.

Umeme, baridi na flashi

Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa umetegemea umeme unaonunuliwa kutoka Zambia, na wakazi wanajua kukatika na kucheza kwake. Kinachoumiza kompyuta si giza pekee, bali pia umeme unaporudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa, na subiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke. Kwa kompyuta ya mezani, UPS hutoa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa kompyuta mpakato, betri nzima hufanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana betri iliyokufa si jambo dogo. Radi za masika nazo hazitaki ubishi: chomoa hata kama kazi haijaisha.

Baridi ya Ufipa ina mtego wake. Juni na Julai watu huingia kitandani mapema, na kompyuta huingia nao. Blanketi linaziba matundu ya chini, joto linakosa pa kutokea, feni inapiga kelele, kisha kompyuta inajizima ili isiungue. Mtu anadhani imekufa, kumbe imejikinga. Iache ipoe, kisha itumie juu ya meza au ubao mgumu. Vumbi la kiangazi huleta tatizo lile lile, kwa hiyo matundu yasafishwe kwa brashi laini kompyuta ikiwa imezimwa. Na kwa wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto la kufanyia kazi usiku: hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu bila harufu wala onyo. Hapo kompyuta si ya kuhangaikia kwanza.

Flashi inayotoka kwenye duka la kuchapisha ikiwa na folda zilizogeuka kuwa vijialama vyenye mshale nayo isikutishe. Usibonyeze vijialama hivyo, na usikubali haraka kuifomati. Mara nyingi kirusi kimeyaficha mafaili, hakijayafuta. Kwenye kompyuta yenye kinga dhidi ya virusi, ichunguze flashi, kisha ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane kwa kuchagua Hidden items kwenye sehemu ya View. Nakili mafaili yako kwanza, ndipo ufomati.

Kompyuta iliyokuwa nyepesi ikawa nzito ghafla ichunguzwe kama diski imejaa, kama kuna programu nyingi zinazojiwasha zenyewe, au kama inajisasisha kimyakimya. Wenye Windows 10 wakumbuke kuwa Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo hazikufa siku hiyo, lakini zinahitaji uangalifu zaidi kwa flashi na viambatanisho vya barua pepe.

Betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kufanya kifuniko kisifunge, haina tiba ya nyumbani. Usiichaji, usiikandamize, usiitoboe. Zima kompyuta, iweke mbali na kitanda na watoto, ipelekwe kwa fundi.

Sheria ya nyumba

Katika nyumba ya muuguzi sasa kuna daftari pembeni ya kompyuta. Anayeona jambo lisilo la kawaida anaandika tarehe na alichokiona, bila jina. Picha zinanakiliwa kwenye flashi kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na flashi moja inakaa kwa bibi yao, nyumba nyingine kabisa. Na watoto wameambiwa kwamba atakayesema mapema hatagombezwa.

Sheria ya namna hiyo ni rahisi kuitamka kompyuta ikiwa nzima. Hupimwa siku uji unapomwagika kwenye kibodi. Mtoto akipiga kelele papo hapo, kuna nafasi nzuri ya kuokoa: chomoa chaja, zima kwa kubonyeza kitufe mpaka izimike, toa betri kama inatoka, futa, igeuze kama paa la nyumba ili kimiminika kishuke, na iache hivyo siku mbili au zaidi. Isianikwe kwenye jua kali wala karibu na moto, na mchele hausaidii, unaingiza vumbi tu. Kama kilichomwagika kilikuwa na sukari, hata ikikauka ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa.

Mtoto akifuta juu juu kwa nguo yake na kunyamaza kwa kuogopa fimbo, uji unabaki ndani na umeme unaendelea kupita. Asubuhi mtu ataiwasha bila kujua, na hapo hata fundi wa Sumbawanga atakuwa hana la kufanya.