Korongo wa Biharamulo



Mwezi wa Novemba, mvua zilipokwisha kuanza, twalitoka mjini Biharamulo alfajiri, walimu wawili na watoto tisa, kwenda kuwatazama ndege wageni. Kiongozi wetu, mzee wa hapo, alikuwa na darubini moja, tukapokezana. Hatukuingia Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Tulifuata malisho ya ng'ombe yaliyo nje yake.

Mbayuwayu walitupita chini chini wakikamata wadudu. Hata tulipofika bondeni, kumbe! Korongo weupe wamejaa majanini, ncha za mabawa nyeusi, midomo na miguu myekundu. Mara mvulana mmoja akatoa manati. Nasi hatukuwa na uso wa kumkemea sana, kwani utotoni tuliwapiga mawe ndege hao hao, tukisema ndio waletao nzige.

Mzee akamshika mkono. "Ngoja, mjukuu wangu. Tazama kwanza wanakula nini."

Tukatazama. Walikuwa wakiokota panzi na viwavi, wale wale waharibuo mahindi yetu.

"Babu, mbona hawaruki?"

Akamweleza kwamba korongo ana mabawa mapana, naye hachoki bure kwa kuyapigapiga. Hungoja jua liipashe ardhi, hewa ya moto ipande, naye apande nayo. Juu ya bahari kuu hapati hewa hiyo. Kwa hiyo wengi wao watokao Ulaya huzunguka kwa Uturuki na Sinai, kisha hufuata bonde la Nile hata kwetu.

Zamani Wazungu wengine walidhani ndege hulala matopeni wakati wa baridi. Lakini mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni. Alikuwa amejeruhiwa huku, akaruka nao mpaka kwao! Amehifadhiwa hata leo katika chuo kikuu cha Rostock.

Saa tatu ikapita, jua likawa kali. Korongo wakainuka mmoja mmoja, wakazunguka juu yetu bila kutikisa bawa, hata wakawa nukta tu.

Yule mvulana alikuwa angali anatazama juu, manati mkononi. "Babu," akasema, "yule aliyetupa mkuki, alijua ulikofika?"