Idhini na Ridhaa

Tangu niingie katika kazi ya tarjuma, yapata miaka ishirini na mitano sasa, nimefasiri mashairi, hadithi, na hata maelezo ya vidonge. Lakini hapana maandishi yaliyonitoa jasho kama tamko la faragha. Nalo si lolote ila ule waraka mrefu ambao mfanyabiashara wa mtandaoni huuweka chini kabisa ya ukurasa wake, kwa herufi za kuumiza macho, akieleza ni taarifa zipi za mteja anazozikusanya, anazihifadhi wapi na anampa nani. Wanaoukubali ni wengi mno. Wanaousoma ni wachache.

Aliyeniingiza humo ni wakili mmoja kijana wa hapa Unguja, ambaye wateja wake ni wenye nyumba ndogo za wageni, wauza viungo na mafundi wa nguo wanaopokea oda kwa simu. Mimi skuli sikufika mbali, sheria sikuisomea, na Kiingereza changu nilikiokota vitabuni. Yeye alichokitaka kwangu ni Kiswahili tu. "Maalim," aliniambia, "mtu asipoufahamu waraka aliouweka mwenyewe, mimi nitamteteaje?"

Hoja hiyo ina mashiko. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2003, ikaanza kutumika 2004, ya kuwalazimisha wafanyabiashara wa mtandaoni wanaokusanya taarifa za wakaazi wake wabandike tamko kama hilo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ikazidi: inataka mteja aelezwe kwa lugha nyepesi na ya wazi, na inaweza kumfuata hata aliye nje ya Ulaya akiwalenga watu wa huko. Basi mwenye vyumba vinne Jambiani, anayetangaza kwa Kijerumani na kwa bei za yuro, asijione yuko mbali. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake inayowasajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa.

Katika kufasiri, neno lililonichekesha ni lile la vile vijifaili ambavyo ukurasa wa mtandao huvipandikiza katika kompyuta ya mgeni ili umtambue akirudi. Waingereza wameviita biskuti. Sisi tunaviita vidakuzi, na kila anayejua udaku ni nini atatambua kwamba Kiswahili hapa kimesema kweli iliyofichwa na sukari ya wenzetu.

Lakini neno lililonikosesha usingizi ni la kukubali. Kuna idhini na kuna ridhaa, na wengi huyatumia kama mapacha. Wakati huohuo ikatokea kwamba binti wa jirani yangu alishonewa nguo ya harusi. Akampelekea fundi picha yake aliyoivaa, kumwonesha mahali panapobana. Baada ya siku tatu picha ile ikawa tangazo, kichwa wazi, inapita katika simu za watu wasiomjua. Mama yake alipokwenda kuuliza nani katoa ruhusa, alijibiwa: "Hakukataa."

Nimelifikiri sana jibu hilo, kwani kwetu kimya kina heshima yake. Katika fikihi, bikira akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni idhini. Walakini tazama: ameulizwa kwanza, ameulizwa jambo moja linalojulikana, na anaweza kutikisa kichwa. Binti huyu hakuulizwa kitu. Na hodi nazo hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, huingii kwa kusema kwamba hukufukuzwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49, iliamua jambo la namna hiyohiyo: kisanduku kilichokwisha kutiwa alama na mwenye biashara, ili mteja aiondoe akipenda, si kukubali. Nikachagua ridhaa. Idhini naweza kupewa na mwenye mamlaka juu ya mtu. Ridhaa haitoki ila kwake mwenyewe.

Wasiodhani kuwa haya yana uzito waitazame Kenya. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Data wa nchi hiyo aliitoza skuli moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya ridhaa ya wazee wao, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja.

Kuhusu usalama wa taarifa sina mengi. Huko sheria inashuka jikoni. Picha za pasipoti za wageni zisilale katika simu ya kijana wa mapokezi. Nywila isibandikwe ukutani. Na taarifa zikivuja, Ulaya na Kenya zinataka mamlaka ijulishwe ndani ya saa 72, pale uvujaji unapoweza kuwadhuru wenyewe.

Wakili hakumpeleka fundi mahakamani. Familia haikutaka jina la binti lisomwe tena mbele za watu. Alimwandikia barua, picha ikaondolewa, ingawa nakala zilizokwisha kusambaa hakuna wa kuzikusanya. Kisha fundi mwenyewe akaja kuomba aandikiwe fomu. Mstari wa mwisho niliutunga mimi: "Naridhia picha yangu itumike kutangaza kazi hii," na mbele yake kisanduku kitupu. Mpaka leo wateja wake wengi hukiacha vilevile kitupu, naye siku hizi nguo zake huzivisha sanamu ndipo akazipiga picha.