Kusaka kopo mtoni: 'Anko, unaogopa?'

Watu wazima na akili zao wanaacha kitanda Jumamosi asubuhi, wanakwenda porini kusaka kopo la plastiki ambalo ndani yake hamna hata senti ya maana. Wakilipata wanaandika majina, wanalirudisha palepale, wanaondoka wanachekelea. Msomaji, usiwacheke. Mchezo huo unaitwa jiokeshingi, una mashabiki kila kona ya dunia, na mimi mwenyewe umeshaniingia damuni.

Ulianza hivi. Setilaiti za GPS ni mali ya serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi wakubwa wale walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, ili jeshi lao peke yake ndilo lione sawasawa. Ukiwa na kifaa chako cha kiraia kingeweza kukupoteza hata meta 100. Mei 2, 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji ule ukakomeshwa.

Kesho yake tu, Mei 3, jamaa mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo msituni, akatangaza vipimo vya mahali ilipo na kuwaambia wenzake wakaitafute. Ndani alitia vitabu, programu za kompyuta na, amini usiamini, kopo la maharage! Siku chache tu ikawa imeshapatikana. Leo hii vilivyofichwa duniani vinapita milioni 3.

Sheria zake hazina mlolongo. Ukichukua kitu, acha chenye thamani ileile au zaidi. Andika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo. Rudisha kopo ulipolikuta. Usitie chakula, maana wanyama wananusa. Na wapita njia wasikubaini. Wale wasioujua mchezo wana hata jina lao la utani, limeazimwa kwenye vitabu vya Harry Potter.

Sasa nije kwenye yaliyonikuta.

Julai 2023 nilikuwa Munich, Ujerumani, kwa dada yangu. Ana binti wa miaka 12, kazaliwa hukohuko, Kiswahili chake kinachechemea. Tulikuwa tunajuana kwa simu tu. Siku mbili za kwanza maongezi yetu yalikuwa "Shikamoo Anko", "Marahaba mama", halafu kila mtu na ukuta wake.

Siku ya tatu akanisogezea simu. Ramani imejaa alama kama mtoto mwenye surua. "Anko, twende tafuta?"

Nani angekataa? Dada akatupa makoti ya mvua mlangoni. "Mdogo wangu, kiangazi cha huku kigeugeu. Asubuhi unaota jua, jioni unapigwa mvua ya mawe. Mtoto wangu namtaka mzima."

Tulishuka treni Baierbrunn, tukateremka hadi ukingoni mwa mto Isar, tukaanza kufuata maji kuelekea daraja la Grünwald. Mto huo unatoka milima ya Karwendel kule Austria, maji yake ya kijani kibichi na baridi ya friji. Hapo jirani na Baierbrunn kuna mwamba umesimama katikati ya mto, Georgenstein, juu yake wamemweka Mtakatifu George. Zamani wasafirisha magogo walikuwa wakiuogopa kama sisi tunavyoogopa trafiki wa mwisho wa mwezi. Siku hizi vyelezo vya magogo bado vinapita kiangazi, ila vimebeba watalii, pipa za bia na bendi. Wakatupungia mikono, nasi tukawapungia. Raha mustarehe!

Kopo la kwanza simu ilituambia tumeshafika. Lo! Tumefika wapi? Mbele yetu mizizi, majani na mawe. Hapo ndipo utakapojua kwamba setilaiti iko juu kilometa kama 20,000, na chini ya miti mikubwa mawimbi yanayumba. Inakufikisha jirani, nyumba unabisha mwenyewe. Binti akaanza kuchungulia kila shimo, mimi nikaangalia palipochezewa. Jiwe moja lilikuwa limekaa vizuri mno. Kulinua, kopo hilo! Nikaacha sarafu ya shilingi 200 yenye picha ya Mzee Karume, yeye akachukua kifungo chekundu.

La pili lilikuwa dogo kama kidole gumba, lina sumaku, limenata nyuma ya kibao cha njia. Kila tukitaka kulitoa anapita mtu na baiskeli. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu, mara tatu! Binti alicheka mpaka akakaa chini. Ukuta ukawa umeanguka, tunaongea kama marafiki wa siku nyingi.

La tatu ndilo lililoleta kimbembe.

Lilikuwa kwenye kisiwa cha kokoto, karibu na daraja. Kati yetu na kisiwa palikuwa na mkono mwembamba wa mto, maji ya vifundoni tu. Simu inasema meta 18. Juu yetu jua kali. Binti ameshavua viatu.

Nikageuka nyuma. Muda wote ule tulikuwa tumeipa milima mgongo, na sasa upande wa kusini mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya pilau ya shughuli. Nikatazama maji. Kijani kimekwisha, yamekuwa ya maziwa, na juu yake vinaelea vijiti na majani mabichi.

"Vaa viatu mama, tunaondoka."

"Anko! Meta 18! Hapa mvua hakuna."

"Hapa hakuna. Kule ipo."

"Unaogopa?" Akanitazama kwa macho yale ya mtoto anayekupima kama wewe ni mwenzake au ni mkubwa mwingine tu wa kumkataza.

Mimi nimekulia Kigogo, Dar es Salaam. Nikamwambia, naam, naogopa, na nikamweleza kwa nini. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Mvua ikipiga huko, mama wa Jangwani anaweza kuwa juani anaanika nguo, mara maji hayo mlangoni. Nikamsimulia Desemba 2011, watu wamepanda juu ya mapaa, wengine hawakuwahi kupanda. Mto hauji na mvua yako, unakuja na mvua ya wenzio.

Hakujibu. Akavaa viatu, kanuna.

Radi ikamulika. Nikamwambia ahesabu. Akafika 24 ndipo ngurumo ikalia. Gawa kwa tatu: kilometa 8. Ukihesabu chini ya 30, wataalamu wanasema ingia ndani. Wazee wa Kijerumani wana msemo wao kuhusu mti upi wa kukimbilia na upi wa kuukwepa, lakini radi haijui majina ya miti. Tukapanda kilima mbiombio mpaka stesheni, na hatujakaa sawa mvua ya mawe ikaanza kupiga bati.

Tulisubiri hadi zikapita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kisha tukaenda kusimama darajani.

Ule mkono wa maji ya vifundoni haukuwepo. Palikuwa na mto mmoja, wa rangi ya chai ya maziwa, unabeba gogo zima kama mtu anavyobeba mwavuli. Kisiwa kimebaki kichwa tu. Binti akatazama muda mrefu. Halafu akanishika mkono, mwenyewe, bila kuombwa.

"Anko, Msimbazi ni hivi?"

"Ni hivi, mama."

Jambo ninaloupendea mchezo huu kuliko yote ni kwamba kutokupata nako kunaandikwa. Ipo nafasi yake rasmi, na haina aibu: mwenye kopo akisoma anajua aende kuangalia kama mali yake bado ipo, na mwenzio anayekuja nyuma anajua njia ikoje. Usiku ule binti aliandika ripoti yake kwa Kijerumani, akanitafsiria: maji yamepanda, msivuke, subirini. Watu watatu wakamshukuru kabla hajalala.

Kwa hiyo msomaji, ukipata nafasi, cheza. Chaji simu, beba penseli, aga nyumbani unakwenda wapi. Ukifika mtoni, weka simu mfukoni kidogo, uangalie rangi ya maji na uangalie mbingu ya huko yanakotoka. Maji yakibadilika rangi, toka. Kopo litakusubiri, na kama limekwenda na maji, mwenyewe atafukia hasara yake kwa jingine la plastiki.